Kusakinisha RaceMenu kwenye Kompyuta ya Mtumba: Namba Tatu Kwanza, Kupakua Baadaye

RaceMenu ni modi ya gemu ya Skyrim inayochukua nafasi ya ukurasa wa kuundia mhusika. Ukurasa uliokuja na gemu humpa mchezaji rangi chache za ngozi, mitindo michache ya nywele, na vitelezi vya pua na taya vinavyofika ukingoni mapema. RaceMenu, kazi ya mtunzi anayejulikana kwa jina la expired6978, huongeza vitelezi, huruhusu rangi yoyote ya ngozi na nywele, huchora michoro mwilini, na huhifadhi sura nzima kama faili inayoweza kutumika tena.

Wachezaji wa Nyamarambe, kama wenzao wa Ogembo na mjini Kisii, huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: modi imepakuliwa, imewekewa tiki, mbona gemu inazimika, au mbona ukurasa ni ule ule wa zamani? Lawama huangukia programu ya kusimamia modi. Mara nyingi programu hiyo haina kosa. Kosa ni namba za matoleo ambazo hazikulinganishwa kabla ya bando kutumika.

Je, gemu iliyopo inafaa?

Swali hili liulizwe kwanza, kwa sababu wapo wanaohangaika na kitu ambacho hakiwezekani kabisa.

- PlayStation: haiwezekani. Sony hairuhusu modi za Skyrim kuleta faili za nje, na RaceMenu yote ni faili za nje. Anayechezea kwenye banda la PS asipoteze muda.
- Xbox: modi zipo, lakini RaceMenu haipo, kwa kuwa inategemea programu nyingine iitwayo SKSE inayofanya kazi kwenye kompyuta pekee.
- Kompyuta, nakala ya Game Pass au duka la Microsoft: SKSE haiungi mkono nakala hiyo.
- Kompyuta, nakala ya GOG: inawezekana, ila ina SKSE yake na faili yake ya RaceMenu. Zile za Steam hazifai.
- Kompyuta, nakala ya Steam: hii ndiyo inayoelezwa hapa.

Zipo pia nakala za kunakiliwa kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Katika nakala hizo faili kuu ya gemu mara nyingi imechezewa, SKSE huenda isiitambue, na watunzi wa SKSE hawazisaidii. Anayetumia nakala ya namna hiyo anaweza kufuata kila hatua kikamilifu na bado asifike popote. Nakala halali ya gemu hushuka bei sana wakati wa mauzo ya Steam. Bei huoneshwa kwa dola, na asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022.

Halafu kuna mashine yenyewe. Skyrim Special Edition, iliyotoka Oktoba 2016, inataka Windows ya biti 64, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12 kwenye diski, pamoja na kadi ya picha inayojitegemea. Laptopu nyingi za ofisi zinazoletwa kutoka Uingereza zina picha za Intel zilizo ndani ya prosesa. Gemu inaweza kufunguka humo kwa mipangilio ya chini, lakini kuongeza nywele na ngozi za ubora wa juu ni kuitesa. RaceMenu peke yake si mzigo mkubwa. Mzigo ni modi zinazoandamana nayo.

Namba tatu

Hapa ndipo pa kutulia. Kuna namba tatu zinazopaswa kukubaliana: toleo la gemu, toleo la SKSE, na toleo la RaceMenu. Ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kupakua chochote.

Toleo la gemu hupatikana hivi: fungua folda ya gemu, bofya kulia faili iitwayo SkyrimSE.exe, chagua Properties, kisha Details. Mstari wa File version huonesha kitu kama 1.6.1170.0. Hiyo ndiyo namba ya kwanza, na ndiyo inayoamua nyingine mbili.

SKSE ni programu ndogo inayoipa Skyrim uwezo ambao Bethesda, watengenezaji wa gemu, hawakuuweka. Kila toleo la gemu lina SKSE yake. Uzuri ni kwamba SKSE hubeba jibu kwenye jina lake: ndani ya faili iliyobanwa mna faili yenye jina kama skse64_1_6_1170.dll. Namba iliyo kwenye jina hilo ikilingana na ile ya karatasini, kazi inaendelea. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, hiyo siyo.

RaceMenu nayo ina faili kadhaa kwenye ukurasa wake katika tovuti ya Nexus Mods, na mtu mwenye haraka hupakua ya juu kabisa. Michanganyiko miwili inayokutwa sana ni hii:

- Gemu 1.5.97: SKSE64 2.0.20, RaceMenu 0.4.16.
- Gemu 1.6.1170: SKSE64 2.2.6, RaceMenu 0.4.19.16.

Matoleo ya katikati yana namba zake, na maelezo yaliyo chini ya kila faili kwenye ukurasa huo husema inafaa gemu ipi. Yasomwe.

Jina la Anniversary Edition limewachanganya wengi. Kwenye ukurasa wa RaceMenu, maneno hayo yanamaanisha gemu ambayo namba yake inaanza na 1.6. Hayahusu kabisa kama mchezaji amelipia kifurushi cha nyongeza kiuzwacho kwa jina hilo tangu Novemba 2021. Asiyelipia chochote lakini gemu yake inasoma 1.6.1170 anahitaji faili ya Anniversary Edition. Aliyelipia kifurushi lakini amerudisha gemu yake kwenye 1.5.97 anahitaji faili ya zamani.

Je, ni lazima kurudisha gemu kwenye toleo la zamani, kama video nyingi zinavyoshauri? Hapana. Kwa RaceMenu peke yake, 1.6.1170 inatosha kabisa, na kurudi nyuma kunaweza kumlia mtu data nyingi bila faida.

Kuifunga gemu isijisasishe

Namba zikishakubaliana, adui ni Steam yenyewe. Sasisho moja usiku hubadilisha namba ya kwanza, na asubuhi gemu iliyokuwa nzima haifunguki. Ndicho kilichowapata wachezaji wengi duniani Novemba 2021, na tena Desemba 2023.

Kwenye Steam, bofya kulia Skyrim, ingia Properties, halafu Updates, na uchague gemu isisasishwe mpaka iwashwe. Kisha isiwashwe tena kwa kitufe cha Play cha Steam. Iwashwe kwa SKSE kupitia msimamizi wa modi. Kuiweka Steam katika hali ya nje ya mtandao huongeza usalama, na huokoa bando pia.

Bando, stima na flashi

SKSE na RaceMenu ni faili ndogo zikilinganishwa na gemu. Bando la kawaida la simu linazimudu. Gemu yenyewe ndiyo ya kupangia: ni afadhali kuipakua mahali penye waya wa intaneti, kisha kuihamisha kwa kutumia kipengele cha Steam cha kuhifadhi nakala ya gemu. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, kwa hiyo ifomatiwe kwa exFAT au NTFS kwanza.

Katika nyanda za Gusii mvua ya alasiri huja na radi, na stima hupotea bila taarifa. Laptopu ambayo betri yake imekufa, kama zilivyo nyingi za mitumba, huzimika papo hapo. Ikizimika faili zikiwa zinafunguliwa, folda ya modi hubaki nusu, bila onyo lolote, na kosa huonekana siku ya pili kama gemu inayozimika bila sababu. Dawa yake:

- Faili zote zilizobanwa zihifadhiwe kwenye folda moja, zisifutwe baada ya kusakinisha.
- Baada ya kupakua, faili ifunguliwe kwa 7-Zip na kubofywa kitufe cha Test. Faili iliyokatika hujulikana hapo hapo.
- Stima ikipotea katikati ya kusakinisha, modi hiyo iondolewe na isakinishwe upya kutoka kwenye faili iliyohifadhiwa. Kuendelea pale ilipoishia ni kujitafutia taabu.

Asiye na intaneti nyumbani anaweza kupakua kwenye saiba. Akaunti ya Nexus Mods ni ya bure, ingawa kasi ya wasiolipa hupunguzwa. Abofye Manual download, wala si kitufe kinachotuma faili moja kwa moja kwa msimamizi, kwa sababu kompyuta ya saiba haina msimamizi huyo. Na asisahau kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka.

Mod Organizer 2 au Vortex?

Zote mbili ni programu za kusimamia modi, ni za bure, na zote hufanya kazi. Vortex ni ya Nexus wenyewe. Huweka modi kwenye folda yake, kisha hupachika viungo vya faili hizo ndani ya folda ya gemu. Viungo hivyo hutaka folda zote mbili ziwe kwenye sehemu moja ya diski, iliyofomatiwa kwa NTFS. Mwenye gemu kwenye diski ya nje ya exFAT atagomewa.

Mod Organizer 2 haigusi folda ya gemu. Gemu inapowashwa kupitia kwake, huoneshwa modi kana kwamba zimo ndani, na ikizimwa folda hubaki safi kama ilivyokuwa. Kwa mashine ambayo ndugu watatu wanaitumia kwa zamu, hiyo ni nafuu kubwa, kwani kila mmoja anaweza kuwa na orodha yake ya modi. Hatua zinazofuata ni za Mod Organizer 2. Anayependelea Vortex atumie namba zile zile tatu, aburute faili ndani ya dirisha la modi, aiwashe modi, na abofye Deploy Mods.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha Skyrim haiko ndani ya Program Files. Windows hulinda folda hiyo na hukatalia modi kuandika humo. Tengeneza folda ya maktaba ya Steam mahali pengine, na uihamishe Skyrim huko kwa kutumia Steam yenyewe.

2. Washa gemu mara moja bila modi yoyote, ifike kwenye menyu kuu, kisha uizime. Hatua hii hutengeneza faili za mipangilio. Wanaoiruka hurudi kuitafuta.

3. Sakinisha Visual C++ Redistributable ya Microsoft ikiwa haipo. Laptopu iliyofutwa na kuwekewa Windows upya dukani mara nyingi haina.

4. Fungua faili ya SKSE kwa 7-Zip. Nakili skse64_loader.exe na faili za DLL zilizo kando yake, ikiwemo ile yenye namba ya gemu, uziweke pale ilipo SkyrimSE.exe, nje ya folda ya Data. Kisha nakili folda ya Data iliyomo, iungane na ile ya gemu.

5. Sakinisha Mod Organizer 2 kwenye folda yake, mbali na folda ya gemu. Ikiuliza aina ya usakinishaji, chagua Portable. Ioneshe ilipo Skyrim Special Edition.

6. Bofya ikoni ya kusakinisha kutoka kwenye faili iliyobanwa, juu upande wa kushoto, na uchague faili ya RaceMenu. Faili isifunguliwe kwa mkono kabla ya hapo. Msimamizi huifungua mwenyewe.

7. Weka tiki kwenye RaceMenu upande wa kushoto. Upande wa kulia, kwenye orodha ya plagini, hakikisha RaceMenu.esp na RaceMenuPlugin.esp nazo zina tiki. Tiki ya kushoto pekee haitoshi, na hili ndilo kosa la pili kwa wingi baada ya lile la namba.

8. Sakinisha SkyUI kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo huleta ukurasa wa mipangilio ya modi ndani ya gemu.

9. Kwenye kisanduku cha kuchagua programu, juu kulia, chagua SKSE, kisha bofya Run. Kuanzia siku hiyo gemu huwashwa hapo tu. Ikoni ya Skyrim iliyoko kwenye eneo-kazi ifutwe, isije ikabofywa kwa mazoea.

Kujaribu kabla ya kuanza safari

Gemu ikifika kwenye menyu kuu, fungua konsoli kwa kitufe kilicho chini ya Esc na uandike getskseversion. Namba ikitokea, SKSE iko hai.

Laptopu za kutoka Uingereza zina kibodi ambayo alama zake hazikupangwa kama za Marekani, na konsoli wakati mwingine hukataa kufunguka. Suluhisho ni kuongeza Kiingereza cha Marekani kwenye mipangilio ya lugha ya Windows na kukichagua kabla ya kuwasha gemu. Maandishi ya kibodi yatatofautiana na kinachotokea kwenye skrini, lakini kitufe kilicho chini ya Esc kitatii.

Kisha andika coc riverwood. Mchezaji hupelekwa kijijini Riverwood bila kupitia safari ndefu ya mkokoteni ya mwanzo wa gemu. Hapo andika showracemenu. Ukurasa wenye vichupo vingi juu na vitelezi virefu ni RaceMenu. Mchezo ulioanzishwa kwa njia hii ni wa majaribio tu, usiendelezwe, kwa sababu matukio ya mwanzo hayajapita. Jaribio likifaulu, anza mchezo mpya kwa njia ya kawaida.

Kutengeneza sura isiyo ya kijivu

Wengi husakinisha RaceMenu ili wapate mhusika anayefanana na watu wa nyumbani. Kosa linalojirudia ni kuanza na jamii ya Nord kisha kusukuma rangi ya ngozi kuelekea nyeusi. Matokeo huwa uso wa kijivu, wenye pua na midomo isiyoendana na rangi. Jamii ya Redguard ni mwanzo bora zaidi: maumbo yake ya pua, midomo na taya yapo karibu, na rangi zake za ngozi zimepangwa vizuri. Rangi iongezwe wekundu na umanjano kidogo kidogo, kwani weusi mtupu huua vivuli vya uso.

Mwangaza wa ukurasa wa kuundia hudanganya. RaceMenu ina kitufe cha taa, kiwashwe na kuzimwa huku sura ikitazamwa, kisha mhusika atolewe nje mchana kabla ya kuhifadhiwa. Mchongaji wa mawe wa Tabaka, huko Kisii, hufanya vivyo hivyo: huosha jiwe na kulitoa juani ndipo aone rangi yake. Vitelezi navyo visifikishwe ukingoni, maana uso unaopendeza ukiwa umetulia unaweza kuharibika mhusika anapozungumza.

Nywele za kusokota na za kipilipili ni chache ndani ya gemu yenyewe, na RaceMenu haileti mitindo mipya. Zinahitaji modi za nywele, na hapo ndipo bando huliwa. Mchezaji achague moja yenye mitindo anayoitaka kweli, badala ya kifurushi cha mamia.

Dalili na tiba

Onyo la SKSE likitaja skee64.dll wakati wa kuwasha: faili hiyo ni ya RaceMenu, na namba ya tatu haikubaliani na ya kwanza. Pakua toleo sahihi. Kusakinisha upya lile lile hakubadilishi kitu.

Ukurasa wa zamani ukitokea: plagini hazina tiki, au gemu haikuwashwa kupitia msimamizi.

Gemu ikizimika mara showracemenu inapoandikwa: angalia kama Enhanced Character Edit ipo. Modi hizo mbili hufanya kazi ile ile na haziishi pamoja. Moja iondolewe.

Sura iliyopakuliwa ikitokea imepinda, haina nywele au macho: aliyeitengeneza alitumia modi ambazo hazipo kwenye mashine hii. Orodha yake huwa kwenye ukurasa wa sura hiyo, na inaweza kuwa ndefu. Isomwe kabla ya kuipakua.

Shingo ikionekana kama imekatwa kwa rangi mbili: modi ya ngozi ya uso na ya mwili hazitoki kwa mtunzi mmoja.

Mashaka mengine

Je, mchezo wa zamani utaharibika? Kuongeza RaceMenu kwenye mchezo unaoendelea kwa kawaida hakuna shida. Hatari iko kwenye kubadilisha jamii ya mhusika katikati ya mchezo, kwani hilo linaweza kuvuruga ujuzi aliojikusanyia. Anayetaka kurekebisha uso tu abaki kwenye jamii ile ile, na ahifadhi mchezo kwanza. Mhusika aliye vampaya au mbwamwitu asiguswe kabisa kwa showracemenu mpaka atibiwe.

Je, RaceMenu inaweza kuondolewa baadaye? Kwenye mchezo mpya, ndiyo. Kuiondoa kwenye mchezo ambao mhusika wake ametengenezwa nayo hurudisha sura ya kushangaza, na huacha mabaki ya skripti ndani ya faili ya mchezo. Iachwe ilipo.

Je, kompyuta ikifutwa sura itapotea? Itapotea isipohifadhiwa. RaceMenu huandika sura kama faili yenye mwisho wa .jslot. Mod Organizer 2 huiweka kwenye folda iitwayo overwrite, chini kabisa ya orodha ya kushoto, ndani ya SKSE\Plugins\CharGen\Presets. Faili hiyo ni ndogo. Inakaa kwenye flashi bila kuhisiwa, na inaweza kutumwa kwa WhatsApp kama hati. Anayeipokea ataiona sura ile ile ikiwa tu ana modi zile zile za nywele na ngozi, kwa hiyo majina ya modi hizo yatumwe pamoja nayo.